Nyumba ya kijijini Ureno: usipange kwa picha za Agosti

Juzi kaka mmoja kanitumia meseji, ana miaka 61, kastaafu mwaka jana, anaanza na "dada shikamoo" halafu zinafuata picha tisa za nyumba ya mawe kwenye kijiji kimoja huko Ureno, maua dirishani, mbingu haina hata wingu, kodi euro 400, na mwenye nyumba anataka miezi mitatu mbele ndo amshikilie. Anauliza atume hela? Moyo ulinipiga paa. Yaani ningeweza kuapa ni nyumba yangu ya kwanza ile.

Mimi nilihamia Ureno mwaka 2022 nikiwa na miaka 60, na pensheni ya kawaida tu. Kuna viza inaitwa D7, ni ya watu wenye kipato kisichotokana na kazi kama sisi wastaafu, na kipato chako kinatakiwa kisipungue kima cha chini cha mshahara wa kule (mwaka 2025 kilikuwa euro 870 kwa mwezi, ukienda na mwenzi wako unaongeza nusu yake). Habari za makaratasi siziandiki leo, zinachosha. Ninachotaka mjue ni kwamba ukiomba hiyo viza wanataka uoneshe utakaa wapi, na hapo ndo watu wazima wenye akili zao tunageuka watoto. Hujaiona nyumba, hujui mtaa, lakini karatasi inatakiwa, basi unasaini kitu chochote chenye paa. Nilisaini. Euro 450, kijiji cha milimani upande wa Beira (ile ya Ureno, siyo ya Msumbiji), nikatuma hela nikiwa nimekaa kwenye kochi langu.

Nilifika Septemba, na nyumba ilikuwa nzuri kweli, siwezi kusema uongo. Nikapiga picha nikawatumia watoto, nikajisifu weee.

Novemba ikaingia. Jamani nyumba nyingi za mawe za kule hazina hita, ukuta ni mnene nusu mita na ukishapoa umepoa mpaka Aprili. Asubuhi ndani kuna baridi kuliko nje, naongea mvuke unatoka mdomoni. Siku moja nikavuta viatu vyangu vyeusi vya ngozi chini ya kitanda nataka kwenda misa, nikadhani nimeshika vya mtu mwingine, vilikuwa vimeota manyoya ya kijani. Nikasogeza kabati, ukuta wa nyuma yake mweusi tiii kwa ukungu, na ile rangi nyeupe niliyoisifia Septemba ilikuwa imepakwa juu yake kiangazi hichohicho. Nikaanza kukohoa nikakohoa mpaka Februari.

Na bado. Mwezi wa tatu mwenye nyumba anakuja na tabasamu, ananiambia mwisho wa Juni niwe nimetoka, kwa sababu Agosti ndugu zake wanarudi kutoka Ufaransa. Nikamwambia lakini tulisaini mwaka mzima. Akacheka! Kumbe ule mkataba hakuupeleka Finanças, mamlaka yao ya kodi, na mimi nilikuwa nampa taslimu mkononi bila risiti hata moja kama mtu anayenunua mchicha. Baadaye nikaja kujua sheria ilikuwa upande wangu, mkataba wa makazi ya kudumu kule hauruhusiwi kuwa chini ya mwaka. Lakini mgeni wa miaka 60, Kireno cha kuombea maji, utaanzia wapi? Nikaondoka. Mpaka leo nikipita ule mlango nageuza uso.

Sasa nisikilizeni. Kule utaona nyumba tupu kila kona, nusu ya kijiji madirisha yamefungwa, unajiambia hapa nitapata ya bure. Thubutu! Nyumba tupu na nyumba ya kupanga ni vitu viwili. Nyingi ni za urithi, babu kafa, warithi saba, mmoja yuko Ufaransa, mwingine Uswisi, wawili hawaongei, na bila wote kukubaliana hakuna anayesaini. Si tunayajua haya mambo? Nyingine ndo hizo za Agosti, wenyewe wanakuja wiki tatu kwa mwaka na hawataki mtu ndani. Kwa hiyo zile chache za kupanga kwa bei nzuri hazifiki kwenye intaneti, zinaishia midomoni mwa watu.

Nilivyopata hii ya sasa ni hivi. Nilichukua chumba cha muda karibu na mji wa Fundão, kwa sababu treni ya kutoka Lisbon inafika pale na mimi siendeshi gari. Kila asubuhi saa nne nakaa kwenye mkahawa uleule, meza ileile, kahawa moja. Wiki ya kwanza wananitazama tu. Wiki ya pili mama mwenye mkahawa akaniuliza natafuta nini. Akanipeleka junta de freguesia, ambayo tuseme ni ofisi ya kata, yule karani akampigia mtu, mtu akampigia dada yake, na jioni nimesimama mlangoni na bibi jirani mwenye funguo. Nikaingia, sikuangalia jiko wala mandhari, nikaenda moja kwa moja kusogeza kabati na kupapasa ukuta nyuma yake. Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Ulikuwa mkavu. Euro 270, na jiko la kuni la chuma wanaloita salamandra, limo ndani.

Kwa hiyo ushauri wangu, nenda Januari. Nenda kama mgeni kabla hata ya kuomba viza, kaa mwezi, ona baridi na uvundo kwa pua yako. Mwenye nyumba akikataa kusajili mkataba Finanças achana naye hata kama anakuita mama, maana ushuru wake wa stempu ni asilimia 10 ya kodi ya pango ya mwezi mmoja tu, anayekimbia hicho anakimbia kitu kingine. Lipa benki. Usilipe taslimu, nasema tena usilipe taslimu. Na ngazi! Nyumba za zamani za kule chini walikuwa wanafuga mifugo, binadamu anakaa juu, ngazi za mawe ziko nje na mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Leo una miaka 61 unapanda unaimba, ukifika 70 je? Uliza pia basi linapita lini, na uliza hivi, linapita lini shule zikifungwa, kwa sababu vijiji vingi basi ni la wanafunzi na likizo ikianza unakaa kijijini kama kisiwani. Mimi niliikosa miadi ya daktari kwa hilo.

Tatizo letu watu wazima tuna kiburi. Tumelea watoto, tumejenga, tumesimamia watu maofisini, basi tunaona aibu kuuliza. Uliza bwana! Mtu akikuona mjinga kwa kuuliza, atakuona mjinga dakika tano.

Yule kaka nilimjibu asitume hata senti, kwanza aombe vidio ya nyuma ya kabati la chumbani. Kanambia ameiomba, siku hiyohiyo. Leo siku ya sita, mwenye nyumba ameshatuma picha nyingine nne za maua.