Mshauri, utanifanya nini?

Shikamoo mama. Nina miaka 34, nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo na naishi Mbagala. Tangu tumzike kaka yangu mwaka jana, nikipanda daladala asubuhi moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, vidole vinakufa ganzi, naona kabisa nakufa. Nimepima malaria, homa ya matumbo, presha na moyo. Daktari anasema mimi mzima. Duka la dawa wakaniambia vidonda vya tumbo. Sasa napanda bodaboda tu na hela inaisha. Saa tisa usiku niko macho, na hata mpira sina hamu nao. Shangazi anasema nimerogwa. Daktari anataka nikamwone mshauri. Atanifanya nini? Maneno yanamponya mtu?
Msomaji, Mbagala

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nikueleze ninavyofanya kazi, maana wengi huingia ofisini kwangu wakitarajia kuhubiriwa au kuambiwa "jikaze, wewe mwanaume". Mimi sikuambii hivyo. Umejikaza tangu mazishi, na ndiko kulikokuchosha.

Siku ya kwanza nauliza kuliko ninavyosema. Nina maswali tisa yanayotumika nchi nyingi, na kwa Kiswahili yapo: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu, umekosa usingizi, umejiona huna maana? Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Zikifika 10 nahisi sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, na nachimba zaidi. Mengine saba ni ya wasiwasi. Baada ya wiki kadhaa narudia maswali yaleyale, tuone kama tunasogea.

Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Naliuliza kwa sauti ileile, nikimtazama mtu usoni. Watu huogopa kwamba kuuliza kunampandikizia mtu wazo; si kweli, na wengi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye wameulizwa. Barua yako haikuligusa. Kama wazo hilo lipo, usingoje miadi: mwambie mtu wa nyumbani leo, akupeleke hospitali, na usibaki peke yako.

Nitauliza pia kama wamekupima tezi ya shingo na wingi wa damu, maana tezi ikifanya kazi kupita kiasi moyo hukimbia na mikono hutetemeka vilevile. Nitauliza unakunywa kahawa kiasi gani, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo. Vinywaji hivyo huchochea mapigo ya moyo, na wauza duka wengi wanavitegemea.

Sasa daladala. Mwili wako unapiga king'ora bila moto. Unapumua harakaharaka, hewa ya kaboni inapungua kwenye damu, na hapo ndipo vidole vinapokufa ganzi. Hofu ya namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe. Lakini ukishuka kituo cha pili kabla haijashuka, mwili unaamini kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa. Bodaboda inakupa nafuu leo na kuilisha hofu ya kesho. Kwa hiyo tutaandika ngazi pamoja: kwanza kusimama tu kituoni Rangi Tatu, halafu kupanda gari tupu mchana kwa kituo kimoja, kiti cha dirishani, halafu vitatu, hadi asubuhi ya kubanana mlangoni. Kila ngazi unabaki pale mpaka hofu ipungue, na hupandi inayofuata kabla hujaizoea hiyo.

Ila kuna kaka yako. Umemtaja kwa nusu sentensi. Kama alifia barabarani, sitakupeleka kituoni kabla hujanisimulia siku ile, kwa sababu hapo kazi yetu inabadilika: huenda daladala inakurudisha kwenye ajali, na hilo lina matibabu yake. Ningependa kujua alikuwa anaitwa nani na mlikuwa mkifanya nini pamoja Jumapili.

Kuhusu mpira, usingoje hamu irudi ndipo uende. Kwenye sonona, mara nyingi mtu huanza kutenda na hamu ikamfuata nyuma. Chagua mechi moja, mpitie rafiki, kaeni kibanda umiza kipindi cha kwanza tu. Andika kwenye daftari ulijisikiaje kabla na baada. Daftari hilo uje nalo.

Shangazi sibishani naye. Amekuona unateseka akatafuta jina la mateso. Ukisali, endelea kusali. Ninachokuomba ni usikatishe miadi. Tutaonana mara moja kwa wiki, kama dakika 50, kwa miezi miwili au mitatu, na kazi kubwa utaifanya wewe kati ya miadi na miadi.

Mke wangu amepewa fluoxetine, dawa ya sonona, kliniki. Wiki ya pili sasa, bado analia. Dada yake anasema itamfanya teja. Aache?
Msomaji, Tanga

Asiache, baba. Dawa hiyo huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, wakati mwingine sita au zaidi, na kichefuchefu cha mwanzoni huwa kinapita. Haileweshi wala haimpi mtu uteja. Ila haikatwi ghafla, hata akijisikia amepona; daktari ndiye atakayeipunguza. Siku hizi za mwanzo kaa naye karibu: akianza kuhangaika kuliko kawaida, au akisema maneno ya kufa, mrudisheni kliniki siku hiyohiyo. Na kama ana mimba au ananyonyesha na daktari hajui, mwambieni.