Wasomaji Wanauliza: Chenji inapogoma kichwani

SWALI: Nina miaka 27, nauza kwenye duka la vipodozi. Tangu shule ya msingi namba zinanichanganya: 69 naandika 96, tebo hazikai kichwani, na mteja akinisimamia natoa chenji kwa kubahatisha. Juzi nimetuma 150,000 kwa simu badala ya 15,000. Kusoma na kuandika sina tatizo. Bosi ananiita mzembe, mume wangu anacheka tu. Nimesikia habari za diskalkulia. Je, ni ugonjwa? Nimwambie nani?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada, uliyoyaeleza yanafanana sana na diskalkulia, ila uhakika hutolewa na mtaalamu aliyekaa na wewe na kukupima. Ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo tangu utotoni: namba haijipi uzito wake, kwa hiyo 15,000 na 150,000 kwako ni maandishi yanayofanana tu. Akili yako haina kasoro. Makadirio mengi ya watafiti ni watu 3 hadi 7 katika kila 100. Hakuna kidonge chake, na anayekuuzia dawa yake anakula hela yako bure.

Tahadhari moja: mtu mzima aliyekuwa akihesabu vizuri, kisha ghafla hawezi, awahishwe hospitali. Huenda ni kiharusi.

Tuanze na chenji. Acha hesabu ya kutoa, hesabu kwenda juu. Bidhaa ni 6,300, mteja kakupa noti ya 10,000. Noti iache juu ya kaunta hadi mmalizane, ukiitia kwenye droo mapema utasahau alitoa ngapi. Weka sarafu ya 200 mezani, useme "elfu sita mia tano". Weka 500: "elfu saba". Weka 1,000: "nane". Weka 2,000: "kumi". Ulizoziweka wewe mezani ndizo chenji, 3,700, na hukuhitaji kuijua kabla. Kikokotoo tumia bila kuomba radhi, lakini bonyeza mara mbili, maana anayegeuza namba kichwani huzigeuza hata kidoleni.

Kwenye kutuma pesa, kabla ya namba ya siri soma jina la mpokeaji, kisha tamka kiasi kwa maneno ukigusa tarakimu tatu za mwisho: hizo zifunike kwa kidole, zinazobaki ndizo elfu. Zikibaki 15, ni elfu kumi na tano. Zikibaki 150, futa.

Hukutaja saa, lakini wengi wenye hali hii huteswa nayo, na sisi tuna mzigo wa ziada: simu inaandika 19:00, watu wanasema saa moja usiku. Saa ya mishale inakuondolea hesabu hiyo. Tazama mshale mfupi, kisha soma namba inayouelekea upande wa pili: mshale kwenye 7, mkabala ni 1.

Sasa moyo. Hofu hushika ile sehemu ya kumbukumbu unayoitumia kuhesabia, ndiyo maana peke yako unapata na mbele ya foleni unakosa. Anayekwambia "jitahidi tu" anaongeza hofu hiyo hiyo. Utaambiwa pia uvute pumzi ukihesabu hadi nne. Kwako huo ni mtihani mwingine. Toa pumzi taratibu kwa urefu wa sentensi unayoipenda, mara chache, kisha rudi kwenye kaunta.

Anza na mtu mmoja, na awe mume. Ongea naye wakati hakuna kosa jipya mezani: "Namba zinanichanganya tangu utoto, kuna hali inayoitwa diskalkulia. Ukicheka, nashindwa zaidi. Naomba tukituma pesa uangalie pamoja nami." Bosi asihutubiwe, mpe pendekezo: wewe upange bidhaa na kuhudumia wateja, kufunga hesabu za jioni mfanye wawili. Nyumbani na kazini kukiwa kugumu, hospitali ya rufaa ya mkoa ndipo pa kuulizia kliniki ya afya ya akili na afisa ustawi wa jamii. Usingizi ukipotea wiki mbili mfululizo, nenda. Ukiwaza kwamba heri usingekuwepo, nenda siku hiyo hiyo na mtu unayemwamini.

SWALI: Binti yangu ana miaka 9, bado anahesabu kwa vidole na analia siku ya hisabati. Mwalimu amemkataza vidole. Nifanyeje?
— Mama, Nakuru

JIBU: Mama, mwache atumie vidole. Ndivyo vinavyomwonyesha wingi. Vikiondolewa bila mbadala anabaki kukariri asichokielewa. Mpe vizibo vya soda 10, avigawe kila namna: 7 na 3, 6 na 4. Dakika 10 kwa siku zinatosha, na kikao kikomee kwenye swali aliloliweza. Kwanza apimwe macho na masikio. Kisha ulizia kituo cha EARC kilicho karibu, ambako watoto hupimwa mahitaji yao ya elimu; KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya iliyoko Kasarani, Nairobi, nao hupima. Beba madaftari yake ya zamani pamoja na mapya: mpimaji hutaka kuona kama shida imedumu angalau miezi sita licha ya kusaidiwa, na makosa yaliyofutwa kwa raba humwambia mengi kuliko alama, kwa hiyo usiyasafishe.