Kumtafutia mama nyumba ya wazee Bukavu

Dada, umeuliza utajuaje kama nyumba ya wazee uliyoonyeshwa hapa Bukavu itamtunza vizuri mama, ambaye hawezi tena kujigeuza kitandani. Usafi wa sebule usikutoshe. Rudi bila kuwaarifu, saa ya chakula cha jioni, uone nani anamlisha asiyeweza kujilisha, na kama sahani zinaondolewa zikiwa bado na bugali.

Kwa hali ya mama, mimi ningehofia zaidi vidonda vya kulala. Mtu kama yeye hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, hata usiku wa manane. Uliza wahudumu wangapi wanabaki usiku, kwa wazee wangapi, kisha omba daftari la kugeuza wagonjwa. Ukikuta saa za kesho zimeshajazwa, ondoka. Mzee akikuruhusu, tazama visigino vyake: ngozi iliyobadilika rangi, yenye joto au ngumu kuliko ya pembeni, inaonyesha kidonda kinaanza.

Usiku wetu una baridi, kwa hiyo uliza pia kama wanaingiza mbabula, yaani jiko la makaa, vyumbani. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi, na inaua watu usingizini. Hilo tu lingenitosha kukataa.

Bei waiandike, na nani analipa dawa. Na tafadhali, mama mwenyewe aulizwe, apelekwe akaione kabla hujatoa pesa yoyote.