Swichi na vitufe vya maeneo yenye hatari ya mlipuko: maswali yenu

Nina swichi ya IP66, haipitishi vumbi wala maji. Naweza kuifunga chumba cha pampu ya petroli?

Hapana. IP ni kipimo cha uwezo wa boksi kuzuia vumbi na maji tu. Mvuke wa petroli hupenya hata hivyo, hasa boksi linapopata joto na kupoa, na swichi hutoa cheche kila inapokata umeme. Boksi la Ex d (Ex ni alama ya vifaa vya maeneo ya mlipuko, d ni aina ya boksi linalohimili mlipuko) limeundwa kwa kukubali kwamba gesi itaingia na kulipuka humo ndani: kuta zinahimili mlipuko, na moto unaopenya kwenye mwanya mwembamba kati ya kifuniko na boksi hupoa kabla ya kufika nje. Kwa hiyo usipake rangi nyuso za mwanya huo, usiongeze gasketi ya kujitengenezea, na boliti zote zirudi. Ikikosekana moja tu, kinga imeondoka. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu boliti hupotea siku ya matengenezo, na kwa kuwa swichi inaendelea kuwaka na kuzima kama kawaida, hakuna anayeshtuka.

Nitajuaje kinachofaa zoni 1 na zoni 2?

Angalia herufi za mwisho kwenye lebo. Ga inafaa hata zoni 0, ambako gesi ipo muda wote au muda mrefu. Gb ni ya zoni 1 (gesi huweza kutokea wakati wa kazi ya kawaida) na zoni 2 (hutokea nadra na kwa muda mfupi), Gc ni ya zoni 2 peke yake. Lakini mipaka ya zoni haikisiwi kwa macho. Omba mchoro wa eneo kabla ya kununua chochote.

Lebo inasema Ex db IIB T4 Gb. Tunatumia haidrojeni. T4 inatosha?

Kwa joto, inatosha na kuzidi: T4 ina maana uso wa kifaa hauzidi nyuzi 135, na haidrojeni huhitaji zaidi ya nyuzi 500 kuwaka yenyewe. Kinachokwama ni kundi la gesi, yaani IIB kwenye lebo yako. Moto wa haidrojeni hupita kwenye mianya midogo mno, hivyo unahitaji kundi IIC, au IIB yenye nyongeza ya H2. Joto na kundi ni mambo mawili tofauti, na kimoja hakifidii kingine. Tazama pia joto la mazingira: lebo isipolitaja, kifaa kimepimwa kwa nyuzi -20 hadi +40. Ukutani pembeni ya boila, 40 hupitwa upesi.

Kifaa chenye cheti cha maeneo ya gesi kinafaa kwenye kinu cha unga?

Si lazima. Tafuta kundi III (la vumbi) na herufi D, mfano Db kwa zoni 21, inayolingana na zoni 1 ya gesi. Unga ni IIIB. Vumbi la metali linalopitisha umeme ni IIIC. Vumbi likitulia juu ya boksi huzuia joto kutoka kama blanketi, kwa hiyo usafi nao ni sehemu ya kinga.

Herufi X au U mwishoni mwa namba ya cheti?

X: kuna masharti maalumu, yasome kwenye cheti. U: ni kijenzi tu, hakifungwi peke yake.

Tundu moja la kebo halitumiki. Niliache na kizibo cha plastiki kilichokuja nalo?

Kizibo kile ni cha safarini. Weka kizibo chenye cheti cha Ex kinacholingana na boksi, na upime nyuzi za skrubu za tundu kwanza: M20 (ya milimita) na NPT ya nusu inchi (ya Kimarekani) hukaribiana kwa macho, ila hazishikani.