Mama Dora ni mmoja tu: klasi, obujekti na rifarensi zilivyonitoa jasho

Aisee, kama unajifunza Python au Java, hizi lugha za kuandikia programu, na klasi na obujekti bado zinakuchanganya, usijione mjinga. Mimi nilizikariri mwezi mzima, maswali najibu vizuri tu, ila siku naandika programu ya kweli ndo nikajua sijui kitu.

Mama mdogo anauza mchele na maharage pale Mbuyuni, Moshi, na wateja wake wengi wanakopa. Nikamwambia mama mdogo achana na hilo daftari, nakutengenezea kitu. Klasi nikaiita Mteja, ina jina na deni, basi. Hapo hamna shida, klasi ni kama kalibu ya tofali, kalibu hujengei ukuta, unafyatulia tofali, na kila tofali likishatoka linajitegemea, ukivunja moja mengine yako salama. Hayo matofali ndo obujekti, kila mteja na deni lake, na wateja wote nikawaweka kwenye listi moja niliyoiita leo.

Sasa balaa. Asubuhi kabla ya kuingiza malipo nikaandika jana = leo, ili jioni tulinganishe madeni ya jana na ya leo. Mchana kuna mama mmoja aliyekuwa anadaiwa 50,000 akalipa 20,000. Jioni nafungua, leo inasema 30,000, sawa, na jana nayo inasema 30,000! Mama mdogo akavaa miwani, akaangalia weee, akasema, "Mwanangu, hii mashine yako inakula hela."

Kumbe jibu lilikuwa yeye mwenyewe. Nyumbani anaitwa Mama Dora, sokoni Dada wa Mchele, kwenye jumuiya ni Mwenyekiti. Majina matatu mtu mmoja, Mwenyekiti akiteguka mguu na Mama Dora anachechemea. Ile jana = leo haikutengeneza listi mpya, iliipa listi ileile jina la pili, maana jina halibebi obujekti yenyewe, linakuelekeza tu ilipo, na huko kuelekeza ndo rifarensi.

Nikarekebisha, jana = list(leo), nikatamba. Jioni yaleyale! Listi kweli ilikuwa mpya ila wateja ndani ni walewale, ni kama kuandika majina kwenye karatasi nyingine, watu hawajaongezeka. Dawa yake ni copy.deepcopy(leo), inakopi mpaka vya ndani, ingawa siku hizi pale hata siitumii, natunza jina na kiasi tu, inatosha.

Kwahiyo ukikwama, kabla hujafuta programu nzima, kwenye Python andika print(jana is leo), ikija True ujue ni Mama Dora yuleyule. Usichanganye na ==, hiyo inauliza kama vinafanana. Watu wa Java kwenu ni kinyume, == kwa obujekti inauliza kama ni ileile, kufanana ni equals, nimeona watu wanalinganisha maneno kwa == afu wanalaumu kompyuta.

Na kuna null, kwenye Python wanaiita None, yaani jina lipo mtu hamna, unaita hakuna anayeitika na programu inaanguka. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta aliyeileta mwaka 1965, alikuja kusema 2009 kuwa lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja, sa mimi na elfu 20 za mama mdogo nani anishangae.

Programu anaitumia mpaka leo, ila juzi nimelikuta daftari chini ya mzani. Nikamuuliza la nini, akasema la siku mashine ikila hela tena.