Muulize Mpiga Picha: Hesabu taa, usihesabu picha

SWALI: Shikamoo mzee. Napiga picha za harusi hapa Tanga, huu mwaka wa tatu. Siku zote nilikuwa napiga JPEG, picha ambayo kamera inaitengeneza yenyewe: nikitoka ukumbini nachagua, narekebisha kidogo, nakabidhi. Mwezi wa nne rafiki yangu akanishawishi nihamie picha ghafi (RAW), ambazo unazitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta, eti ndizo za wapiga picha wa kweli. Tangu hapo sina raha. Kwenye kioo cha kamera picha inang'aa, nikiifungua kwenye kompyuta imepauka kama kanga ya zamani. Nina preseti nilizonunua, yaani marekebisho yaliyopangwa tayari. Ile inayopendeza kwenye picha za dirishani, ukumbini inamfanya bibi harusi awe rangi ya chungwa. Harusi ya juzi ina picha 1,460. Leo siku ya kumi na moja na sijafika keki. Mama wa bibi harusi ananipigia kila asubuhi. Nirudi kwenye JPEG?
Mpiga picha, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujaendelea kusoma, chagua picha kumi, zitengeneze, mtumie mama leo hii na umtajie siku ya kukabidhi zilizobaki. Simu za asubuhi zitapungua. Sasa tuongee.

Kupauka kusikutishe. Kile unachokiona nyuma ya kamera si picha ghafi, ni JPEG ndogo ambayo kamera imeipika yenyewe: imeongeza rangi, imekaza weusi, imenoa kingo. Ukifungua faili kwenye kompyuta, mapishi yale yamewekwa kando, umebaki na unga na maji. Programu nyingi zina orodha ya wasifu wa rangi wa kamera. Chagua unaofanana na uliokuwa umeuweka kwenye kamera, na nusu ya huzuni yako itaondoka hapohapo.

Umesema hujafika keki. Neno hilo limenionyesha jinsi ulivyokaa kwenye kiti. Unafungua picha ya kwanza, bibi harusi anapakwa wanja, unahangaika nayo dakika nane. Unakwenda ya pili, wanja uleule, dakika saba. Unaifuata harusi tangu asubuhi hadi usiku, picha moja moja, kama unayeihudhuria mara ya pili. Kwa mwendo huo hata malaika hafiki keki.

Mimi nimefanya hivyohivyo miaka mingi, kwa hiyo sikucheki. Kilichoniokoa ni kuacha kuhesabu picha na kuanza kuhesabu taa, yaani aina za mwanga.

Kwanza chagua, na wakati wa kuchagua usiguse kitelezi cha marekebisho hata kimoja. Picha 1,460, sekunde tatu kila moja, ni kama saa moja na robo. Jiulize jambo moja tu: hii naikabidhi au siikabidhi? Macho yamefumba, toa. Shangazi kumi na wawili wamesimama palepale mara tisa, baki na mbili. Wengi wanahariri kwanza ndipo wachague, halafu wanashindwa kuitupa picha mbovu kwa kuwa wameshaitolea jasho.

Zilizobaki zigawe kwa mwanga zilimopigwa. Harusi yangu ya mwisho, huku Kigamboni, ilikuwa na taa sita: chumbani kando ya dirisha lenye pazia la kijani, barazani kivulini, msikitini chini ya mirija ya taa, ufukweni jua la alasiri, ukumbini kwa flashi yangu, na ukumbini DJ alipowasha vurugu zake. Nilibaki na picha 430. Kazi ya msingi niliifanya mara sita tu. Unachukua picha moja ya kivulini, unaiweka sawa rangi na mwangaza, kisha unanakili marekebisho hayo kwa wenzake wote wa kivulini. Programu ya Lightroom inaweza, darktable ambayo ni ya bure nayo inaweza. Baada ya hapo unapita haraka, hii unaipandisha kidogo, ile unainyoosha, basi.

Hapa ndipo preseti zako zilipokuponza. Preseti ni chumvi iliyopimwa kwa sufuria ya mwenzio. Aliyeitengeneza alikuwa na mwanga wake, pengine wa mchana, wa Kelvini 5,500 hivi (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Kivulini mwanga unapita Kelvini 7,000 na kila kitu kinaelekea ubuluu. Balbu ya zamani iko chini ya 3,000 na kila kitu kinakuwa cha njano. Weka kwanza mizani ya weupe kwa kila taa, yaani iambie programu kipi ni cheupe au kijivu halisi chini ya taa hiyo, kisha mwangaza, preseti ije mwisho kama bado unaitaka. Nadhani hutaitaka.

Mizani ya weupe ina mtego ambao sijauona umeandikwa popote. Tunafundishwa kuchukua kile kijidude chenye umbo la kitonea na kubofya kitu cheupe. Kwenye harusi zetu cheupe kilicho karibu ni kanzu. Lakini kanzu ya harusi imefuliwa vizuri, na mara nyingi imesuuzwa kwa bluu. Jicho linaona weupe wa kung'aa. Kompyuta inaona ubuluu, na ili kuuondoa inamwaga njano kwenye picha nzima. Kanzu inatulia, bwana harusi anaonekana ana homa ya manjano. Mimi nina kipande cha kadi ya kijivu mfukoni. Kila ninapohamia mwanga mwingine namwomba yeyote aliye karibu aishike, napiga mara moja. Hiyo ndiyo ninayoibofya baadaye. Kwa harusi ambayo tayari iko kwenye diski, tafuta ukuta wa kijivu, sakafu ya saruji, hata kitambaa cheupe cha mezani ambacho hakikusuuzwa kwa bluu na mwanga haujakiunguza.

Taa za DJ usipambane nazo. Taa ya zambarau ya LED ikimmulika mtu peke yake, nyekundu na buluu zimejaa, kijani karibu haipo, na rangi ambayo haikuingia kwenye kamera hakuna kitelezi kitakachoileta. Zile nzuri zigeuze nyeusi na nyeupe. Zilizobaki ziache na zambarau yake. Watu walikuwepo, wanajua palikuwaje.

Kuhusu nyuso. Kamera inapima mwanga kwa kutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Shela jeupe likijaa kwenye fremu, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na bibi harusi mweusi anazama gizani. Mtu akipandisha mwangaza wote, uso unarudi lakini maua ya shela yanapotea. Pandisha vivuli peke yake, shusha sehemu zinazong'aa, ukitazama histogramu, ile grafu ya mwangaza wa picha, isigonge ukuta wa kulia ulio upande wa weupe. Hapa ndipo picha ghafi inapolipa gharama zake: JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Unainua kivuli na ngozi inabaki ngozi, haivunjikivunjiki kuwa mabaka. Inua mpaka uso uonekane kama ulivyouona ukumbini, usipite hapo. Usimpake mtoto wa watu mkorogo wa kompyuta. Kuna wateja wanaouomba, najua. Mimi nawaonyesha picha mbili bega kwa bega, ya mkorogo na yake mwenyewe, nanyamaza. Wengi wanachagua yao.

Jambo la mwisho lilipaswa kuwa la kwanza. Picha zako 1,460 ni GB 40 hivi. Ukifika nyumbani, kabla ya kula, zinakiliwe sehemu mbili, kompyuta na diski ya nje, na kadi ya kamera ikae bila kufutwa mpaka umekabidhi. Mwaka 2011 nilifuta kadi nikiamini nimeshanakili. Nilikuwa nimenakili nusu. Iliyopotea ni nikaha yote. Nilikwenda kwa yule baba mwenyewe, nikavua viatu mlangoni, nikamwambia. Hakunigombeza, aliita chai. Ile chai sijaimaliza hadi leo.

SWALI: Picha zangu kwenye laptopi ni safi, zikitoka maabara ya kuchapisha zimekuwa na giza. Na nikimtumia mteja kwa WhatsApp anasema zina ukungu. Kosa ni la kwangu au la kwao?
Msomaji, Unguja

JIBU: Giza ni la kwako, ukungu ni wa njiani. Kioo cha laptopi kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Kama umeweka mwangaza wa kioo juu kabisa, unaona picha ina mwanga wa kutosha kumbe ni taa ya kioo. Fungua ukurasa mtupu mweupe, weka karatasi nyeupe pembeni yake chumbani kwenye mwanga wa kawaida, punguza kioo hadi vifanane. Kisha angalia picha zako upya; utazipandisha mwenyewe bila kuambiwa. Ukitoa faili za kuchapisha, chagua sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida, isipokuwa maabara wamekuambia vingine. Picha ya inchi 8 kwa 10 inataka piseli 2,400 kwa 3,000.

WhatsApp inazibana picha ili zipite haraka. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua dokumenti badala ya picha, itume hivyo. Na mwambie mteja aipakue kwanza ndipo aitazame.