Km imepanda, Vmax imebaki palepale: jibu kwa msomaji wa Uyole anayejiandaa na MCAT

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Uyole hapa Mbeya, nimemaliza digrii ya baiolojia na najiandaa na MCAT maana nataka kuomba udaktari Marekani. Vizuizi vya enzaimu nimekariri jedwali lote lakini wakileta grafu nachanganyikiwa kabisa, sielewi kwa nini kizuizi shindani kinapandisha Km halafu Vmax hakiigusi, na kile kisicho shindani kinafanya kinyume. Pia uimarishaji hasi kila nikijibu naona ni adhabu, nakosa. Na sosholojia naweza kuiruka?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa hatua uliyofika. Hilo jedwali liweke pembeni kwanza. MCAT, huo mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari Marekani, haikuulizi jedwali, inakupa habari ya jaribio la maabara halafu inataka useme kimetokea nini, na ile sehemu ya baiolojia na baiokemia ni maswali 59 kwa dakika 95, sasa hapo ukianza kuvuta kumbukumbu mstari kwa mstari muda unakuishia. Ukishaelewa kinachotokea kwenye enzaimu, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, grafu utaichora mwenyewe.

Tuanze na Km. Wanafunzi wengi wanaisoma kama nguvu ya enzaimu, sio. Km ni kiasi cha sabstreti (kile kitu ambacho enzaimu inakigeuza) kinachotakiwa ili enzaimu ifike nusu ya kasi yake ya juu, ambayo ndo Vmax, basi. Km kubwa maana yake enzaimu inataka sabstreti nyingi zaidi ndo ifike hiyo nusu. Hesabu yenyewe Leonor Michaelis na Maud Menten waliitoa mwaka 1913 wakiwa Berlin na mpaka leo ndo tunayotumia: kasi = Vmax × S ÷ (Km + S), S ikiwa ni kiasi cha sabstreti.

Chukua karatasi tuhesabu pamoja, na namba nimechagua nyepesi makusudi kwa sababu kwenye mtihani kalkuleta hairuhusiwi. Enzaimu yetu ina Vmax 100 na Km 2. Ukiweka sabstreti 2 unapata 100 × 2 ÷ 4, yaani 50. Ukiweka 18 unapata 90. Sasa mwagia kizuizi shindani, kiasi cha kufanya Km ionekane 6. Sabstreti 2 inakupa 100 × 2 ÷ 8, ni 25, umepoteza nusu ya kasi. Lakini ongeza sabstreti mpaka 18 unapata 75, ongeza mpaka 594 unapata 99. Umeona? Kizuizi shindani kinakaa palepale sabstreti inapotakiwa kukaa, kinaingia na kutoka, enzaimu yenyewe haijaharibika hata kidogo, kwa hiyo sabstreti zikiwa nyingi mno kizuizi kinakosa nafasi na kasi ya juu inafikiwa kama kawaida. Ila ili ufike nusu umelazimika kuweka sabstreti 6 badala ya 2, na ndo hiyo Km kupanda.

Rudi sasa kwa kisicho shindani. Hiki kinakaa sehemu nyingine ya enzaimu, hakijali kama sabstreti imeshaingia au haijaingia, tuseme kimeshusha Vmax mpaka 50 na Km imebaki 2. Weka sabstreti 2: 50 × 2 ÷ 4, unapata 25.

Simama hapo kidogo. Ni 25 ileile ya kizuizi shindani! Kwa nukta moja huwezi kuvitofautisha, na maswali kibao yanawekwa hivyo makusudi, wanakupa kasi kwenye kiasi kimoja tu cha sabstreti na kwenye majibu kuna "haiwezekani kujua" watu wanaipita. Lazima uongeze sabstreti uone. Ukiongeza mpaka 18 shindani inakupa 75, hii nyingine inakupa 45 tu, na hata umwage ndoo nzima haivuki 50.

Kwa nini Km isibadilike, hapo ndo wengi wanakwama. Fikiria mashine nne za kukoboa mpunga pale Igurusi, mbili zikafa. Kiwango cha juu cha gunia kwa siku kimeshuka nusu, lakini mbili zilizobaki zinakoboa vilevile na kila moja inahitaji mpunga uleule kufika nusu ya uwezo wake. Enzaimu zilizobaki nazo hazijabadilika, zimepungua tu.

Na hapa Mbeya una mfano wa kweli kabisa, zebaki wanayotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu Chunya. Zebaki inang'ang'ania vikundi vya salfa kwenye protini, na enzaimu nyingi zinategemea hivyo vikundi kufanya kazi, ikishashika haiachii kirahisi. Kwa jina hicho ni kizuizi cha kudumu, tofauti na kisicho shindani ambacho kinaweza kuachia, lakini kwenye grafu vinafanana, Vmax inashuka na Km inabaki, kwa hiyo swali likitaka uvitenganishe tafuta kama wameosha enzaimu ili kuondoa kizuizi na kazi ikarudi au haikurudi.

Mfano wa ushindani nao uko karibu, gongo yenye methanoli. Methanoli yenyewe sio mbaya sana mpaka enzaimu ya ini, alkoholi dehidrojenesi, iigeuze kuwa fomaldihaidi na mwisho asidi ya fomiki, hiyo asidi ndo inapofusha macho na kuua. Hospitali wanampa mgonjwa dawa ya fomepizoli, au isipokuwepo wanatumia ethanoli safi (ile alkoholi ya pombe ya kawaida) kwa vipimo maalumu, na vyote viwili vinashindania eneo lilelile kwenye enzaimu ambayo ethanoli inaishika vizuri kuliko methanoli kwa mbali, basi methanoli inakosa pa kukaa na inatoka taratibu kwa mkojo au kwa kusafisha damu. (Naomba nisisitize, hii ni kazi ya hospitali, mtu asije akampa mgonjwa pombe nyumbani akadhani anatibu, mkimbizeni.)

Kwenye grafu ya Lineweaver na Burk, ile inayochora 1/kasi dhidi ya 1/S, kumbuka tu kwamba mstari unakata mhimili wa wima kwenye 1/Vmax na mhimili wa ulalo kwenye −1/Km. Vmax isipobadilika mistari inakutana kwenye wima, hiyo ni shindani. Km isipobadilika inakutana kwenye ulalo, hiyo ni isiyo shindani. Huna haja ya kukariri zaidi ya hapo.

Tuje kwenye uimarishaji hasi. Unakosa kwa sababu unaangalia kama jambo linauma au haliumi, na kwenye saikolojia ya tabia hilo sio swali. Kuna maswali mawili tu. La kwanza, tabia imeongezeka au imepungua baadaye? Ikiongezeka ni uimarishaji, ikipungua ni adhabu, hata kama kilichofanyika kilikuwa kitamu. La pili, kuna kitu kimeletwa au kimeondolewa? Kimeletwa ni chanya, kimeondolewa ni hasi. Jibu hayo mawili kwa mpangilio huo na hutakosea.

Jaribu na hili. Mama yuko soko la Mwanjelwa na mtoto mgongoni, mtoto anaona karanga anaanza kulia kwa sauti watu wanageuka, mama anamnunulia pakti, kilio kinakata. Kesho wakipita mtoto analia mapema zaidi na mama ananunua haraka zaidi. Ni uimarishaji gani? Unategemea unamuuliza nani! Mtoto tabia yake ya kulia imeongezeka kwa sababu ameletewa karanga, huo ni uimarishaji chanya. Mama tabia yake ya kununua imeongezeka kwa sababu kilio kimeondoka, huo ndo uimarishaji hasi, na wala hakuna aliyeadhibiwa. Swali la mtihani linaweza kubadilisha neno moja tu, "tabia ya mama" kuwa "tabia ya mtoto", na jibu linageuka, kwa hiyo soma wanamuuliza nani kabla hujagusa majibu.

Adhabu hasi sasa: mwanafunzi wa bweni amechelewa rolikoo, ananyimwa ruhusa ya kutoka Jumamosi, akaacha kuchelewa. Kimeondolewa kitu, tabia imepungua. Ukiona tabia haikupungua, hata kama alichapwa viboko, kwa maana hii hiyo haikuwa adhabu.

Sosholojia usiiruke, tafadhali. Ile sehemu ya saikolojia na sosholojia iliongezwa mwaka 2015, ina maswali 59 kama zile nyingine za sayansi, na sosholojia ni kama asilimia 30 yake. Afu ni ya kuelewa kwa kuangalia maisha, na kwetu mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ambayo maambukizi ya VVU yako juu mifano ipo. Mtu wa Makambako anaacha CTC (kliniki ya huduma na dawa za VVU) ya karibu na kwake anapanda gari mpaka Iringa kuchukua dawa ili asionekane, hapo una unyanyapaa alioandika Erving Goffman mwaka 1963. Ukiuliza nani ana nauli na nani hana, umeingia kwenye nadharia ya mgogoro. Ukiuliza watu wanatafsiri vipi kuonekana tu kwenye lile foleni, huo ni mwingiliano wa ishara. Na ukiuliza jamii inamruhusu mgonjwa kupumzika kazi kwa masharti gani, hiyo ni nafasi ya mgonjwa ya Talcott Parsons, 1951.

Nakuachia kazi. Enzaimu ileile ya Vmax 100 na Km 2, nimeweka kizuizi cha aina ya tatu, sabstreti 2 ikatoa 33.3 na sabstreti 18 ikatoa 47.4. Tafuta Vmax na Km mpya, chora mistari miwili ya Lineweaver na Burk uone inakutana wapi, halafu niandikie kizuizi hiki kinashika enzaimu ikiwa tupu au ikiwa tayari na sabstreti, na kwa nini Km imeelekea huko ilikoelekea.